Jogoo wa Mtani

Mpaka leo wapo watu Ruangwa wakiniona napita sokoni wananiita bingwa. Wengine wamezeeka, meno yamekwisha, lakini karata zangu wanazikumbuka. Wananiambia bingwa, njoo uwafundishe vijana hawa. Nami nacheka kidogo, nalipia nyanya zangu, naondoka upesi. Wanadhani najivuna. Nawaacha wadhani hivyo, maana nikianza kueleza itabidi nieleze yote, na yote sijawahi kumweleza mtu isipokuwa mke wangu, naye nilimpa nusu.

Mimi ni Mmwera. Mwenzangu alikuwa Myao wa upande wa Chiola, kule Nachingwea. Nasema alikuwa, lakini si kwamba amekufa. Yupo, mzima wa afya kunishinda mimi. Tulikutana Nachingwea mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kibaraza cha fundi cherehani karibu na soko, ambako watu walicheza karata za watu wanne, wawili kwa wawili. Wazee walisema mchezo ule uliletwa na watu wa Msumbiji zama za vita vyao. Zinachezwa karata arobaini tu. Nane, tisa na kumi zinawekwa kando. Ree ndiyo kubwa, chini yake saba, na turufu inakula zote. Mwenzako anakaa mbele yako, na ni mwiko kumwambia una nini mkononi. Ukitamka neno moja la karata, mmeshindwa, hamna rufaa.

Siku hiyo ya kwanza tulipangwa pamoja kwa bahati tu. Akanitazama, akaniuliza kabila, nikamwambia. Akashika kichwa, akasema Mungu wangu, katika watu wote nimepewa mla panya. Kibaraza kizima kikacheka. Nikamjibu heri panya kuliko Myao anayevaa kanzu nyeupe juu ya tumbo lenye njaa. Basi tukawa tumeshajuana.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, niseme hivi: sisi Wamwera na wale Wayao tunataniana tangu mababu. Mtani wako anakutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kununa. Anaingia nyumbani kwako, anafunua chungu, anakula, anaondoka na kuku wako, nawe unacheka. Na siku ya msiba yeye ndiye anayefanya yale ambayo ndugu wa damu hawezi. Anavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake. Anashuka kaburini kabla ya maiti, analala chali, anasema hapa hazikwi mtu mpaka nipewe changu. Wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yakiwatoka. Wanampa kuku au chochote, anapanda juu, mazishi yanaendelea. Kwetu sisi, kuzikwa bila mtani ni kuzikwa kama mtu asiye na watu.

Sasa jambo hilo zuri, tuliloachiwa na wazee, sisi wawili tukaligeuza wizi. Ndiyo, wizi, sina jina lingine. Nani atawakataza watani kutukanana mezani? Mwamuzi mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Tukakaa siku mbili nyumbani kwao Chiola tukipanga matusi yetu. Nikimsema mavazi yake, ajue sina turufu hata moja. Akinitaja panya, nijue anayo saba ya turufu. Na nikisema lolote juu ya mapishi ya mama yake, basi ree ya turufu iko kwangu, acheze bila hofu.

Mama yake alikuwa palepale uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, masikio yote kwetu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipong'amua tunachofanya alisema vichwa hivyo mngevipeleka shambani, leo mngekuwa mnalala kwenye nyumba za bati. Lakini alicheka. Alinipenda mama yule, na alinitukana kuliko hata mwanawe. Nikifika, kabla sijasema shikamoo, alishaficha kuku. Halafu aliniwekea sahani yangu peke yangu, ya mbaazi na ugali wa muhogo, na kunisimamia mpaka nimalize.

Siku moja, tulipokuwa tunaondoka kwenda mashindanoni, alinishika mkono hakuuachia. "Siku yangu ikifika, wewe mla panya ndiye utakayelala kaburini mwangu," alisema. "Na usitoke kwa kuku. Toka kwa jogoo." Nikamwambia mimi natoka kwa ng'ombe, tena mwenye ndama. Akasema tumepatana. Ilikuwa utani, lakini mkono alioubana aliubana kweli.

Tukaanza kushinda. Enzi hizo mashindano ya karata hayakukosekana. Msimu wa korosho mnunuzi fulani akitaka kujulikana anaweka zawadi. Wakati wa uchaguzi mgombea naye anaweka yake. Sikukuu ikifika ndiyo usiseme. Tulicheza Nachingwea, Ruangwa, Masasi, Newala, mpaka Lindi mjini. Tulishinda redio, tukashinda mbuzi, doti za khanga, magodoro. Watu walikuja kutazama utani wetu kama wanavyokwenda ngomani. Kichwa kikanivimba. Mtu akiniuliza kazi yangu, nilikuwa najibu karata, bila haya wala soni, na wakati huo mke wangu alikuwa peke yake chini ya mikorosho anaokota, mgongo umempinda, mtoto yuko mgongoni. Nikirudi na godoro nilitaka nishukuriwe.

Haya yote naona aibu kuyasema, lakini ningeweza kuishi nayo. Hili linalofuata ndilo siwezi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, simu za mkononi hazijatufikia. Mnunuzi mmoja wa korosho aliweka mashindano makubwa Ruangwa, siku mbili, na zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mbili mpya, moja kwa kila mchezaji. Aliziegemeza barazani mbele ya macho yetu, nailoni za dukani hazijatolewa. Ruangwa ni kwetu. Wakwe zangu walikuwepo, marafiki wa utotoni walikuwepo, na mimi nilikuwa nimejigamba mwezi mzima. Mwenzangu alifika Jumamosi akiwa hana raha. Mama yake alikuwa na homa na kifua, ila mwenyewe alimfukuza, akamwambia nenda kacheze, usinikalie hapa kama tai.

Jumapili asubuhi tulishinda nusu fainali. Fainali ikapangwa baada ya adhuhuri. Mwenzangu akaenda kunywa chai, mimi nikasogea stendi kununua sigara. Ilikuwa kama saa nne. Basi la kutoka Nachingwea lilikuwa limeingia, na utingo wake, aliyetufahamu, akaniita. Akanipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imekunjwa mara nne. Akasema ni ya mwenzako, imetoka kwa dada yake, na basi linageuza saa tano.

Haikuwa yangu. Nikaifungua. Mwandiko wa kalamu ya risasi, herufi kubwa kubwa: mama ametutoka alfajiri, tunazika baada ya alasiri, kaka njoo na huyo mtani wako.

Nilisimama pale stendi na karatasi mkononi. Nataka niseme kwamba nililia, lakini sikulia. Nilichofanya ni kupiga hesabu ya muda. Basi linaondoka saa tano. Akipanda, atamzika mama yake, na fainali hakuna. Asipopanda, tutacheza, tutamaliza saa nane, tutatafuta lori la korosho, tutafika. Nikajiambia mazishi ya Chiola hayajawahi kuanza kwa saa yake hata siku moja. Nikajiambia lazima watani watazuia, watalala kaburini, watagombania kuku, jua litateremka huku wanabishana. Nikajituliza kabisa kwa hilo la watani. Sikujiuliza watani hao ni akina nani. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa shati, nikavuta sigara yangu mpaka mwisho, nikarudi barazani.

Mwenzangu aliporudi kutoka kwenye chai alikuja moja kwa moja kwangu. "Basi la kwetu limeingia?" aliniuliza. "Hakuna habari?"

"Hakuna," nikamwambia.

Neno moja tu. Na nilivyo fidhuli, nikaongeza tusi juu ya masharubu yake ili acheke. Akacheka, uso ukamlegea, akasema basi mama atakuwa nafuu. Tulikuwa tumesimama hapohapo wakati basi linapiga honi kule stendi na kuondoka.

Fainali tulicheza na madereva wawili wa Masasi, wachezaji hasa, wasiotishika. Tukaenda nao sawa kwa sawa mpaka mkono wa mwisho. Karata zilipogawiwa nikaangalia zangu: ree ya turufu iko kwangu. Mwenzangu akakuna kidevu, akasema leo nasikia harufu ya panya. Basi saba ilikuwa kwake. Lakini hakujua ree iko wapi, na aliishika saba yake kwa woga, maana akiitoa na ree ikawa kwa wale wa Masasi, imeliwa na tumekwisha. Akanitazama akisubiri. Nilichotakiwa kusema alikijua, na mimi nilikijua. Ilinipasa nimtaje mama yake.

Ningeweza kunyamaza. Tungeshindwa karata, basi, nani amekufa kwa kushindwa karata? Lakini nilinyamaza kama dakika moja tu, karatasi iko kifuani inanichoma. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, tena kwa madaha, mama yako leo kapika nini, mbona ananinyima?

"Kakuwekea mkia wa panya," akajibu yule Myao, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Akaitoa saba bila hofu. Tukashinda.

Walitubeba mabegani. Mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunisifu tangu nioe bintiye, alinipa mkono. Nilipowekwa chini ndipo nikamvuta mwenzangu pembeni, nikampa ile karatasi. Nikamwambia imefika sasa hivi, nimeletewa na mtu. Naam, hata hapo nilidanganya. Akaisoma amesimama. Hakupiga kelele. Aliuliza kama kuna gari, tukazunguka mji mzima tukitafuta. Jumapili ile hapakuwa na lori wala pikapu ya kwenda upande wa Nachingwea. Akarudi barazani, akachukua baiskeli yake ya zawadi, akapanda. Mimi nikachukua yangu nikamfuata.

Njia ile naijua kila shimo, lakini siku ile haikuisha. Mchanga ulikuwa mwingi, tulipanda na kushuka, tukasukuma, tukapanda tena. Nailoni za dukani zilikuwa zinampigapiga miguuni, hakusimama kuzitoa. Nilikuwa nyuma yake nikitazama mgongo wake, shati limeganda kwa jasho, na hapo ndipo akili ikanirudi. Watani watazuia, nilijiambia stendi. Watani gani? Katika mji ule wa Wayao watupu mtani alikuwa mmoja, aliyeahidi kwa mkono wake, aliyeitwa kwenye karatasi ile, na mtani huyo alikuwa Ruangwa anacheza karata. Loo! Hakuna aliyekuwa kaburini kuwazuia. Wangeanza kwa wakati.

Tulifika jua linazama. Wanaume walikuwa wameketi mikekani uani, sauti za chini chini, na kule mwisho wa shamba, chini ya mkorosho, udongo mwekundu umeinuka mpya. Mwenzangu akaiachia baiskeli ikaanguka, akaenda mpaka pale, akachuchumaa. Dada yake akamfuata. Nami nikafuata, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilizoea kufuatana naye.

Dada yake alikuwa na hasira ya mtu aliyelia siku nzima. Akasema walimwomba shehe asubiri, akasubiri, swala ikapita, watu wakaanza kunung'unika. Akasema jeneza lilikaa kando ya kaburi na kila mtu anatazama njia. Shehe akauliza mtani wake yuko wapi. Mama mwenyewe, alisema, juzi alipoona hali yake si nzuri, alimfunga jogoo kwenye mguu wa kitanda chake, akawaambia huyu ni wa mla panya, asiguswe. Kisha akanigeukia. Akasema utingo alirudi na basi la saa tano, akawaambia karatasi ameshaifikisha kwenye mkono wa mtani.

Mwenzangu hakuinuka. Alinitazama kutoka chini, pale alipochuchumaa. "Ulipewa saa ngapi?"

Nikasema saa nne.

Nilingoja. Nilingoja anitukane, anipige, anitoboe jicho, lolote. Na kwa mila zetu angeweza kunitukana mpaka babu wa babu yangu, ningepokea kwa mikono miwili. Alikusanya udongo kwa vidole na kuuachia, akakusanya tena. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akaniambia kwa upole kabisa, "Karibu ukae, ndugu yangu. Umetoka mbali."

Ndugu yangu! Miaka yote ile hakuwahi kuniita hivyo. Nikajua palepale kwamba nimekwisha.

Nililala pale pamoja na waombolezaji wengine. Asubuhi aliniletea jogoo, mwekundu, mkia mrefu, miguu imefungwa kwa kitambaa cha khanga. Alimshika kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa kitu. Akasema hii ni amana yako, marehemu aliacha. Nikakataa. Akasema tafadhali, ndugu yangu, usimkatae marehemu. Nikampokea. Nikamtundika kwenye usukani wa baiskeli, kichwa chini, nikarudi naye Ruangwa, na mjini watu wakanipigia makofi njia nzima: bingwa na baiskeli yake, bingwa na jogoo wake. Mke wangu aliuliza huyu wa nani. Nikamwambia tumepewa na mama yake mwenzangu. Hapo ndipo nilipomwambia ile nusu. Yule jogoo sikumchinja, wala sikuweza kumtazama. Aliishi kwangu mpaka kicheche akamchukua.

Karata sikushika tena. Walikuja kuniita, nikasema macho yameharibika. Baiskeli nilimpa mke wangu, akawa anasafirishia korosho zake, na hilo ndilo jambo pekee la maana lililotoka katika ubingwa wangu wote.

Na mwenzangu, yule Myao? Tulikuwa tunaonana. Nikienda Nachingwea tulikutana sokoni, au kwenye ghala la korosho. Mara ya kwanza nilijipa moyo, nikamtupia tusi kwa mbali, lile la kanzu nyeupe na tumbo lenye njaa. Watu waliotufahamu wakageuka wakingoja jibu. Akanijia, akanipa mkono, akasema asalaam alaikum, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Akaniuliza na mvua za kwetu zikoje. Kila tukionana ilikuwa hivyo, heshima tupu. Hakuna aliyewahi kuniumiza kwa adabu namna ile, na hapakuwa na mahali pa kushtaki. Utamshtaki mtu kwamba anakuheshimu?

Miaka ikaenda. Katikati ya miaka ya elfu mbili, simu zimeshaingia, mama yangu naye akafariki, Ruangwa. Alfajiri ileile nilimpigia mwenzangu. Hesabu zangu zilikuwa za kijinga kama kawaida: nilijiambia akija kwenye msiba, mila itamlazimisha. Atalala kaburini. Atanitukana mbele ya watu, nami nitalia, nitacheka, tutakuwa tumemaliza. Nikatafuta jogoo mkubwa kuliko wote uani, mwekundu, nikamfunga miguu kwa kitambaa cha khanga, nikamweka chini ya kitanda cha marehemu. Mke wangu aliniona.

Alikuja, tena mapema, na basi la kwanza. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia, viatu safi. Watu wakaambiana mtani kafika, mtani kafika, vijana wakaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Akapita katikati yao, akanipa mkono, akaketi mkekani pamoja na wazee. Aliswali. Alibeba jeneza, zamu yake na zamu ya mwingine. Tulipofika kaburini watu wakampisha, wakamwachia nafasi kabisa ukingoni. Hata shehe alisimama kidogo, akimtazama. Mimi sikuwa natazama kwingine.

Akainama, akachota udongo, akasubiri zamu yake kama wengine. Mama akashushwa. Hakuna aliyecheka.

Baadaye aliniaga vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole sana, ndugu yangu, Mungu amlaze pema. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha, miaka yote ile nilikuwa sijamwomba, na ninachokumbuka ni kwamba nilisema ahsante kwa kuja. Nikamsindikiza mpaka njiani. Akatembea kwenda stendi bila kugeuka, kanzu yake haina hata doa la udongo.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mama. Akaniuliza huyu jogoo aliyeko chini ya kitanda nimfungue au nimchinjie wageni.

Nikamwambia amfungue.